Mwaka Mmoja Baada ya Kupimwa

Hotuba kwa vijana wabunifu, wafadhili, wahudumu wa afya na masheha, Chake Chake, Pemba

Waheshimiwa viongozi wa mkoa na wilaya, masheikh wetu, masheha, wafanyakazi wenzangu wa afya, na nyinyi wanangu mliokuja na kompyuta zenu kutoka Wete, Mkoani, Micheweni, na wengine mliovuka bahari kutoka Unguja: Assalaam alaykum.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuzisaidia kampuni changa za afya zipambane na kisukari na maradhi ya moyo katika sehemu ambazo huduma hazifiki vizuri. Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni kliniki ya kisukari na presha, kwa hiyo nitasema kwa kadiri ninavyoyaona mambo nikiwa kwenye meza yangu. Nina ombi moja kubwa, na nalitaja mapema ili anayelazimika kuondoka asilikose. Msituletee hesabu ya watu mliowapima. Tuleteeni hesabu ya watu ambao, mwaka mmoja baada ya kupimwa, bado wanatumia dawa na namba zao za sukari na presha zimeshuka.

Siku ya kupima inapendeza, na sina neno nayo. Turubai linafungwa uwanjani, fulana zinagawiwa, watu wanapanga foleni, picha zinapigwa. Jioni inatangazwa idadi ya waliopimwa na idadi ya waliokutwa na tatizo. Kesho yake bwana aliyekutwa na presha ya 180 kwa 110 yuko kwao Kisiwa Panza na kikaratasi mfukoni. Dawa hana, pa kurudi hapajui, na mwilini hajisikii mgonjwa. Hilo la kutojisikia ndilo linalotumaliza.

Presha haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi, akapanda mkarafuu, akavua, akalea wajukuu, huku mishipa ya figo, ya macho na ya ubongo inaharibika polepole. Siku anayoijua ndiyo siku aliyopooza upande. Kisukari cha ukubwani nacho huja hivyo hivyo. Sukari iliyozidi kwenye damu inaumiza kuta za mishipa midogo, neva za miguu zinakufa ganzi, mtu anakanyaga ganda la chaza pwani na hana habari. Anapoletwa kwetu kidonda kimeshafika mfupani.

Na namba zenyewe hazina siri. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 (milimoli kwa lita), na ikirudiwa ikawa hivyo, ni kisukari. Presha ikifika 140 kwa 90 kwa siku tofauti, ni ugonjwa wa presha. Dawa tunazoanza nazo, metfomini kwa sukari na amlodipini kwa presha, ni dawa za zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi duniani, na bei yake ni ya chini. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa yaliua watu wapatao milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Dawa ipo, kipimo kipo, na watu wanakufa. Kinachokosekana ni kumfikishia mtu yule yule dawa ile ile, mwezi baada ya mwezi, maisha yake yote. Wanangu, hapo ndipo tunapowahitaji.

Nikupeni mfano wa Kojani. Wavuvi wa Kojani mnawajua, wanakwenda dago. Msimu ukifika wanatweka, wanakaa miezi kwenye kambi za uvuvi mbali na kwao, wanarudi upepo ukigeuka. Kitabu cha kliniki kinasema bwana fulani arudi baada ya siku 30. Siku hiyo yeye yuko baharini. Mwezi wa pili hakuonekana, wa tatu hakuonekana, na sisi tunaandika kwenye daftari kwamba amepotea. Hajapotea! Mkewe anajua alipo, sheha anajua, nahodha anajua. Daftari letu tu ndilo lisilojua.

Kijana atakayekaa na wavuvi hawa akatengeneza utaratibu wa kuwapa dawa za miezi mitatu kabla hawajatweka, akamwachia nahodha mashine ya presha na kumfundisha kuitumia, na namba zile zikatufikia kwa simu siku mtandao unapopatikana, huyo mimi nitamfungulia mlango wa kliniki. Utaratibu huo hautaki mitambo mikubwa. Unataka mtu anayeijua kaskazi na kusi, anayejua nani ndani ya chombo anasikilizwa, na anayejua kwamba mashine ya presha ikiwa na mkanda mdogo kuliko mkono wa mvuvi itasoma namba ya juu kuliko ilivyo kweli.

Ramadhani nayo inahitaji mtu wa hapa. Mgonjwa wa kisukari anafunga zaidi ya saa 13. Magharibi futari inaandaliwa: muhogo wa nazi, kaimati, tambi za sukari, uji, juisi. Mchana sukari inashuka, usiku inapaa. Muongozo unaofuatwa na madaktari wa kisukari ulimwenguni unasema sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7, mtu afungulie. Unasema pia mgonjwa aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, dozi zipangwe upya kwa futari na daku. Masheikh wengi wameshatueleza kuwa kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi funga, na nawaomba masheikh mliopo hapa muendelee kulisema hilo misikitini, maana wapo wanaoacha kupima kwa hofu hiyo. Sasa nimeona programu ya simu, nzuri kwa mambo mengine, inayomkumbusha mtu kumeza dawa saa saba mchana, Ramadhani nzima. Mgonjwa wangu aliizima. Baada ya Idi hakuiwasha tena.

Insulini nataka niizungumzie kwa utulivu kidogo, kwa sababu wanaoihitaji zaidi ni watoto. Iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa nayo. Wagunduzi waliiachia haki ya ugunduzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, wakitaka dawa iwafikie watu. Zaidi ya miaka 100 imepita. Mtoto wa kisukari cha utotoni asipoipata hufariki, na hilo mimi nimelishuhudia. Chupa isiyofunguliwa inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa hustahimili takriban wiki nne ikiwa mahali pasipo na joto kali. Umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tunao tangu 2010, alhamdulillah, lakini kuwa na taa si kuwa na friji. Mama anaipeleka insulini ya binti yake kwenye friji la soda la duka la jirani. Duka zima linajua sasa kwamba binti yule ana sukari, na mama anaanza kuhofia posa. Basi anairudisha nyumbani, anaiweka chini ya uvungu wa kitanda. Dawa inaharibika bila kubadilika rangi wala harufu.

Mtaniambia kuna mitungi ya udongo, mmoja ndani ya mwengine, na mchanga wenye maji katikati. Ni kweli, inapoza, na imesaidia watu wa sehemu nyingi zenye joto. Lakini inapoza kwa sababu maji yanakauka, na maji hukauka vizuri kwenye hewa kavu. Ipelekeni Micheweni mwezi wa Aprili, mvua za masika zinanyesha na nguo hazikauki kwenye kamba, muweke ndani yake kipimajoto kinachoandika joto usiku na mchana, kisha mtuletee matokeo. Kazi ya namna hiyo haitashinda tuzo popote, na mimi naithamini kuliko programu tano za kuhesabu hatua.

Watoto hawa hawako peke yao. Wapo na wale ambao moyo wao umeharibiwa na homa iliyoanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa. Wanahitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na sindano moja ikirukwa hatari inarudi. Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Lomé, Togo, wakapitisha mkakati wa kuyaleta matibabu ya maradhi kama haya kwenye hospitali za wilaya. Orodha ya watoto wa Pemba, tarehe ya sindano inayofuata, na mtu wa kumfuata asiyekuja: hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho kampuni changa inaweza kuanza nacho.

Kuna anayesema teknolojia haiwezi kukaa kwenye visiwa hivi. Hiyo si kweli. Tulipokuwa tunapigana na malaria hadi maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1, moja ya silaha zetu ilikuwa mfumo wa simu na tableti ulioanza mwaka 2012: kituo kinampata mgonjwa, taarifa inatumwa, ofisa wa wilaya anamfuata nyumbani na kuwapima anaoishi nao. Na mpango wa Jamii ni Afya mnauona kila siku. Wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 wanatembelea akina mama na watoto wakiwa na simu inayowaongoza waulize nini na wafanye nini. Ulianzia kwenye mradi mdogo wa uzazi salama mwanzoni mwa miaka ya 2010, na ilipofika 2021 ulikuwa Unguja na Pemba nzima. Miaka kumi, wapendwa wafadhili. Niliposikia kwamba ruzuku nyingi kwa vijana hawa ni za miezi 12, nilisikitika, kwa sababu miezi 12 ndiyo muda ambao mgonjwa wa presha anahitaji ili tujue kama huduma imemsaidia. Mnaondoka siku matokeo yanapoanza kuonekana.

Ila tusije tukadhani kilichofanya kazi kwa malaria kitafanya kazi kwa sukari bila kubadilishwa. Mgonjwa wa malaria anameza dawa siku tatu akapona. Mimba ina miezi tisa. Mifumo tuliyoizoea imejengwa kwa mambo yenye mwisho. Kisukari hakina mwisho, na mtu atachoka, atahama, atabadilisha laini ya simu, ataambiwa na jirani kwamba kuna mti unaomaliza presha kabisa. Atakayebuni lazima aanze kwa kumfikiria mtu aliyechoka mwezi wa nane wa matibabu. Mtu mwenye shauku ya siku ya kwanza ni rahisi kumhudumia.

Wenzetu wa nchi nyengine wana ya kutufunza. Kameruni, mhandisi kijana Arthur Zang alitengeneza Cardio-Pad, tableti inayorekodi umeme wa moyo wa mgonjwa aliye kijijini na kuupeleka kwa mtandao wa simu hadi kwa bingwa wa moyo aliye mjini. Alianza kuifikiria akiwa mwanafunzi, na mwaka 2016 ikashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Mimi ninachokiangalia hapo ni huyo bingwa wa upande wa pili. Mashine haina maana kama hakuna daktari aliyekubali kuzisoma picha zile na kujibu siku hiyo hiyo. Sisi tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete upande wa pili wa bahari, Dar es Salaam. Kijana anayetaka kuleta kifaa kama hicho Pemba aanze kwa kukubaliana na wasomaji kabla ya kununua tableti. Ghana nako, kampuni ya mPharma, iliyoanzishwa mwaka 2013, imekuwa ikiweka dawa kwenye maduka ya dawa na duka kulipa baada ya kuuza, ili mwenye duka dogo asiogope kuweka dawa ya moyo kwa kukosa mtaji. Huo ni ubunifu wa kibiashara mtupu, na umewafikishia watu dawa.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo kampuni nyingi zinapofia.

Tangu Mapinduzi ya 1964 matibabu katika vituo vya Serikali yametangazwa kuwa bure. Naipenda sera hiyo na siombi iguswe. Lakini kijana anakuja na mpango wake, ukurasa wa mwisho umeandikwa kwamba mgonjwa atalipia kila mwezi kwa simu. Mgonjwa gani? Yule wa Fundo anayesubiri bei ya mwani? Atalipa mwezi wa kwanza kwa heshima, wa pili kwa shida, wa tatu hamtamwona. Kama ni lazima achangie kitu, basi mpango ufuate mfuko wake: alipe wakati wa karafuu, apumzishwe wakati hakuna. Lakini kwa haki, mteja wa huduma hii hapaswi kuwa mgonjwa maskini. Na mfadhili naye hawezi kuwa mteja milele.

Ilikuja kampuni moja, sitaitaja, na vijana wake walikuwa na nia njema. Wagonjwa wetu walipewa mashine za sukari na namba ya kutumia ujumbe kila asubuhi. Wakajibiwa vizuri, wakafurahi. Fedha za mradi zikaisha. Hakuna aliyekuja kutuambia. Miezi ikapita, bibi mmoja akanionesha simu yake: anatuma sukari yake kila alfajiri, 14, 15, 17, na anashangaa kwa nini vijana wale wamenuna. Alidhani amewakosea. Mashine nazo zikalala, kwa sababu kila mashine inataka vijikaratasi vyake yenyewe vya kupimia na vile havikuwa vinauzwa Chake wala Unguja.

Nimelisimulia hilo ili lisitokee tena kwa bibi mwengine yeyote. Naiomba Wizara ya Afya, na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioanza kazi mwaka 2023, wawe ndio wateja wa kampuni hizi. Wanunue matokeo. Walipe kwa kila mgonjwa aliyeandikishwa ambaye baada ya mwaka presha yake iko chini ya 140 kwa 90, na kwa sukari wapange kiwango chao pamoja na madaktari. Hesabu isomwe kwenye kitabu cha kliniki, isisomwe kwenye kompyuta ya kampuni. Shirika la Afya Duniani katika mpango wake wa HEARTS wa mwaka 2016 linatutaka tupime hilo hilo: wangapi kati ya walioandikishwa wamedhibitiwa. Kipimo kipo tayari, hatuna haja ya kubuni kingine.

Na wenye kutunga mikataba wawe macho. Ukimlipa mtu kwa matokeo, atachagua wagonjwa wepesi: mwalimu wa Chake Chake mwenye simu nzuri na mshahara. Bibi wa Kokota asiyejua kusoma ataachwa. Kwa hiyo malipo ya mgonjwa wa kisiwa kidogo yawe makubwa kuliko ya mgonjwa wa mjini, na kampuni isiyo na mgonjwa hata mmoja wa ng'ambo ya maji isipewe mkataba. Taarifa za mgonjwa ziwe mali ya kliniki, na nakala ibaki kwetu katika namna tunayoweza kuisoma hata kampuni ikifungwa. Na ziwe siri. Shehia zetu ni ndogo, kila mtu ni jamaa ya kila mtu, na neno moja likivuja linatosha kumfanya binti aache insulini.

Wafadhili, nyinyi nawaomba muda wa miaka mitano, na fedha za mambo yasiyong'ara: vijikaratasi, betri, nauli ya boti, mshahara wa mtu wa kupokea simu. Vijana, njooni kliniki kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa programu. Mtakaa benchi na wagonjwa kuanzia saa moja na nusu asubuhi, mtaona nani anakuja na nani hakuja, na mtafuatana na mhudumu wa kujitolea kwenda kumtafuta asiyekuja. Wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar mna wenzenu wanaosomea udaktari na uuguzi. Msiunde kampuni ya mafundi wa kompyuta peke yao.

Masheha, kazi yenu naiomba leo leo. Kila mmoja aliyepo arudi na fomu zilizopo mlangoni. Tunataka majina ya watu wa shehia yake ambao walishaambiwa wana sukari au presha na hawaendi tena kliniki, pamoja na walioko dago na tarehe wanayotarajiwa kurudi. Fomu apewe muuguzi wa kituo mkononi, zisibandikwe popote. Baada ya swala ya adhuhuri tutakaa kwa wilaya, kila kampuni na kituo kimoja cha afya, na Kojani nitakaa nao mimi mwenyewe.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.